Fundi Aliyemvisha Mtu wa Karatasi

Alizaliwa wapi sijui, na mama yake alikuwa nani sikumuuliza. Tulikaa baraza moja pale Garsen miaka minane, wakati Mzungu bado yuko, karibu na pantoni ya kuvukia mto. Yeye na cherehani yake ya mkono upande wa kivuli, mimi na karai langu la samaki upande wa jua. Mwanamke mwenye mafuta motoni haulizi watu ukoo. Kwa hiyo, wajukuu zangu, nitawaambia nilichokiona kwa macho na nilichokisikia kwa masikio, na hicho kinatosha.

Tulimwita Fundi. Walikuwepo mafundi wengine, wa mitumbwi, wa saa, wa kuezeka, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu kuanzia kijiji cha Wema hadi Kipini alijua unamsema huyu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomoni mna pini. Alizungumza nazo, alikohoa nazo, na niliwahi kumwona akipiga chafya nazo isitoke hata moja. Ukiona Fundi ametema pini kiganjani, jua kuna ugomvi. Wateja wa zamani walikuwa wanamtazama mdomo kwanza ndipo wasalimie.

Futi ya kupimia alikuwa nayo shingoni lakini ilikuwa pambo tu. Alipima kwa macho. Pantoni ikifika, watu wakishuka, yeye anawapima hapo hapo alipokaa. "Yule bega la kushoto limeshuka. Yule amenenepa tangu Mfungo. Yule binti amevaa gauni la dada yake, na dada yake hajui." Nilipokuwa sijamaliza hata mwezi kwenye ndoa, babu yenu alipita na kafi lake begani, Fundi akamtazama juu mpaka chini, akaniambia, "Mwanangu, mumeo ana kifua cha watu wawili na makalio ya nusu mtu. Kumshonea huyu ni kama kuuvisha mwiko."

Nilimrushia kichwa cha samaki. Alikiepa, na mkono haukuacha kuzungusha cherehani.

Na kuhusu samaki, alikuwa na maneno mengi. Mimi nilikaanga kambale, maana ndiye ambaye mto wetu hutupa. Fundi alisema yeye mtu wa pwani, hali samaki mwenye ndevu. "Samaki mwenye ndevu ni mzee mwenzangu, nitamtafunaje?" Aliyasema hayo kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya wateja wangu. Jua likisimama utosini, anasogea polepole na kigoda chake. "Nipe kipande cha mkia. Mkia hauna ndevu." Miaka minane, kila siku ya Mungu isipokuwa Mfungo, mkia.

Nguo zake mwenyewe zilikuwa aibu. Kanzu yake ilichanika kwapani kabla sijaolewa, na mpaka anaondoka Garsen ilikuwa bado imechanika. Nilimwambia, "Fundi, watu wanakuona kwapa." Akajibu, "Hii sikushona mimi, nilinunua dukani. Acha watu waone nguo za dukani zilivyo."

Sasa lipo jambo moja lazima mlielewe, maana bila hilo mengine yote ni kicheko cha bure. Fundi alikuwa na kiapo. Alikisema kwa kila mteja aliyekuja kuchukua nguo, akiwa ameshika upande mmoja na mteja upande wa pili, hamwachii mpaka amalize: "Nguo yangu hairudi. Wallahi siku moja ikirudi mkononi mwangu kwa kosa la mshono, naiondoa cherehani hii barazani na sitaigusa tena." Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kurudisha. Wengine waliogopa. Najua mtu wa Wema aliyeishi na suruali yenye mguu mmoja mrefu, akawa anaukunja, kwa sababu hakutaka awe yeye aliyeiondolea Garsen fundi wake.

Kiapo hicho ndicho kilichokaribia kumwangusha, siku alipokuja Bwana Picha.

Bwana Picha alikuwa Mzungu wa lile lori la sinema, lililopita vijijini kutuonyesha namna ya kuchimba choo. Safari hii alisema hataki kuonyesha picha tu, anataka kutengeneza yake hapa hapa mtoni, ya kufundisha watu kulala kwenye chandarua. Tena hataki mtu wa kuhubiri. Anataka shujaa. Akatoa gazeti la watoto wake, la michoro, na ndani yake mna mwanamume ametuna kama kiboko, ana joho, anaruka angani bila ngazi.

"Wewe fundi?" akasema. "Mimi nataka nguo namna hii. Sawasawa kama karatasi. Kama hapana sawasawa, mimi narudisha, mimi naita fundi ya Mombasa."

Fundi akatema pini kiganjani. Zote. "Nguo yangu hairudi, Bwana," akasema. "Niachie hiyo karatasi."

Aliitazama karatasi ile siku nne. Aliiweka juu ya cherehani, akaigeuza, akaisogeza puani. Siku ya tano akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Huyu mtu amevaa chupi juu ya suruali."

Nikaona. Kweli ilikuwa juu.

"Labda alivaa gizani," nikasema.

"Ukurasa wa pili huu hapa, bado iko juu. Mchana kweupe. Hana hata mke wa kumwambia?"

Aliyechaguliwa kuwa shujaa alikuwa babu yenu. Bwana Picha alimwona akipiga kafi na kifua wazi, akasema huyo huyo. Nilijivuna, kwa nini nifiche. Wanawake wenzangu walianza kununua samaki kwangu hata waliokuwa na samaki nyumbani. Lakini Fundi alimwita, akamwinulia shati, akaanza kulinganisha kifua chake na karatasi, kidole hapa, kidole pale.

"Wewe huna hii mistari," akasema.

"Mistari gani, Fundi?"

"Hii. Kifuani miwili, tumboni sita, mapajani sijui mingapi."

"Hiyo si misuli, Fundi?"

"Misuli gani iliyopigwa wino? Mimi nashona tangu wewe hujaota meno. Huu ni mshono. Nguo hii ina vipande vingi, ndiyo maana inabana."

Na kila mstari uliochorwa kwenye mwili wa yule mtu, Fundi aliushona. Kwa uzi mweusi, mara mbili mbili. Nguo yenyewe ilikuwa fulana nne alizozifumua na kuziunga, akazichovya kwenye buluu ya kufulia mpaka mikono yake ikawa buluu hadi viwikoni. Joho alilikata kwenye kitambaa chekundu. Alikaa wiki nzima akitafuta wekundu ule ule wa karatasi, akichanganya maganda ya mti na sijui nini, akawa anatuomba sisi wapita njia tuseme ukweli: "Huu na huu, ni ndugu au si ndugu?"

Mnaona alivyokuwa. Pale karatasi ilipokosa adabu, Fundi aliikosoa kama mtoto wake. Pale ilipokuwa ya kipuuzi tu, aliitii kama hakimu. Kwenye mchoro yule mtu hakuwa na mboni za macho, weupe mtupu. Basi Fundi akashona barakoa, na kwenye matundu ya macho akaweka marikani nyeupe. Babu yenu akavaa, akapiga hatua tatu, akakumbatia nguzo ya baraza.

"Sioni, Fundi."

"Na yule haoni, mbona anaruka?"

Ilibidi mimi nichukue kisu cha samaki nitoboe.

Chupi ndiyo iliyoleta kesi. Bwana Picha alikuja kujaribisha nguo, akakuta Fundi ameshona kaptula nyekundu inayofika magotini, ina mifuko miwili, ina vifungo mbele.

"Hii kaptula," akasema Bwana Picha.

"Ndiyo, Bwana."

"Karatasi hapana kaptula."

Fundi akatema pini. Nikaondoa karai motoni, nisije nikaunguza samaki nikisikiliza.

"Bwana," akasema, "mtu wa karatasi hana mama mkwe. Huyu anaye, na siku ya kupiga picha atakuja kutazama. Mtu wa karatasi hatoki jasho. Mtu wa karatasi haendi haja, ndiyo maana nguo yake haina pa kufungua. Huyu wako anakunywa uji asubuhi. Wewe umeniletea mtu amechorwa, mimi nimepewa mtu amezaliwa. Nikimvisha ya karatasi, atasimama tu kama karatasi. Unataka asimame au unataka aruke?"

Bwana Picha alimtazama babu yenu, akamtazama mama yangu mzazi, ambaye tayari alikuwa amejiweka mbele na kigoda. Akasema, "Aruke." Kaptula ikapita. Mifuko pia ikapita, maana Fundi aliuliza shujaa ataweka wapi tumbaku.

Joho lilikuwa na tabu yake. Karatasini limenyooka nyuma siku zote kama ubao. Pale kwetu upepo unakuja ukitaka. Fundi akasema joho lake halitangoja upepo. Akalichovya kwenye wanga wa muhogo na maji ya wali, akalianika, na kulipokucha mbuzi waliokuja kunywa maji mtoni wameshalila. Lote. Ilibaki kamba ya shingoni, na mbuzi mmoja yuko nayo mdomoni.

Watu wakakusanyika. Mtu mmoja mchokozi akasema, "Fundi, leo nguo imerudi."

"Haijarudi," akasema Fundi. "Imeliwa. Ni mambo mawili."

Akashona la pili. Safari hii wanga aliuchanganya na majani ya mwarobaini yaliyopondwa, na ndani akapitisha vijiti vya makuti ya mti wa mkoma. Mbuzi walilamba mara moja wakaondoka wakitikisa vichwa. Likasimama lenyewe kama paa la kibanda. Babu yenu akilivaa hapiti mlangoni ila kwa ubavu, na jasho lenye mwarobaini likimfika mdomoni anatema mate siku nzima.

Siku ya kupiga picha ikafika. Garsen yote ilikuwa pale kingoni. Aliyekuwa mbu ni mtu wa pantoni, amevaa gunia, mdomoni amefungwa mrija wa kumiminia mafuta ya taa. Babu yenu alipanda juu ya kichuguu, Bwana Picha akalala chini na mashine yake ili mtu aonekane anatoka mbinguni. Fundi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, pini mdomoni, anatazama mishono tu. Ilipofika adhuhuri akasema anakwenda kuswali anarudi, wasiruke bila yeye.

Wakaruka bila yeye.

Babu yenu aliruka vizuri, hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Joho lilinyooka, mikono mbele, akatua amechuchumaa. Na alipochuchumaa nikasikia kitu kama shuka linachanwa. Niliijua sauti ile kabla sijaona. Kaptula na fulana chini yake, pamoja, kutoka kiunoni hadi huko.

Kosa lilikuwa la Fundi, sitalificha. Yale makalio ya nusu mtu aliyapima kwa macho siku zile nilipoolewa, na hakuyapima tena. Katikati hapo kulikuwa na mwaka mzima wa mapishi yangu.

Bwana Picha akasema, "Hii nguo mbaya. Peleka kwa fundi. Leta fundi."

Nikaona yote yanakuja. Nguo itakwenda mkononi mwake, kosa la mshono, mbele ya Garsen yote, na mtu yule angeondoa cherehani kweli, namjua. Angekaa barazani mikono mitupu. Tena nani angenidharaulia samaki wangu kila asubuhi?

"Bwana, ngoja dakika," nikasema. Nikamvuta mume wangu nyuma ya matete. Sindano ninayo siku zote kwenye ukingo wa leso. Uzi wa nguo sina. Nilikuwa nao uzi mmoja tu, ule mnene wa kushonea wavu, umefungia kifurushi cha chumvi. Nikashona kama ninavyoshona wavu, fundo, vuta, fundo, vuta. Babu yenu ameinama, joho limesimama juu yetu kama mwavuli.

"Unanichoma," akasema.

"Nyamaza. Shujaa halii."

"Mama yako anatuona?"

"Anatuona. Anacheka."

Fundi aliporudi kutoka kuswali, babu yenu alikuwa anamfukuza mbu, mgongo kwa mashine ya picha, na mimi niko kwenye karai langu nageuza samaki ambao hata moto haukuwepo chini yao. Fundi akaniuliza, "Imesimama?" Nikasema, "Imesimama." Bwana Picha alikuwa ameshapata picha zake, akaanza kufunga mashine. Nguo akamwachia babu yenu, maana buluu ilikuwa imetoka na jasho na mume wangu mwenyewe alikuwa wa buluu. Alikaa hivyo mpaka tulipovuna mpunga.

Lori lilirudi baada ya mvua. Wakafunga shuka kwenye miti miwili, jua lilipozama wakawasha. Na picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ile wiki ya kutafuta wekundu, ile mikono iliyokuwa buluu hadi viwikoni, hakuna. Fundi alikuwa amekaa mbele yangu. Nikamsikia anasema kwa upole, kama mtu aliyefiwa na kuku, "Wameifua nguo yangu kwa majivu."

Lakini kifua, wajukuu zangu. Mishono yote ile myeusi ilitokea kwenye shuka na babu yenu alikuwa na misuli ambayo hata yule wa karatasi hakuwa nayo. Watu walipiga vigelegele. Bwana Picha alimpa Fundi mkono. Mbu alipopigwa kafi la kichwa, wazee wawili walisimama kusaidia.

Kisha ikaja ile ya kumfukuza. Mgongo. Kaptula ikajaa kwenye shuka, kubwa kama ukuta wa nyumba, na katikati yake mafundo yangu, moja moja, kila fundo kama mtumbwi. Nilitamani ardhi inifunike. Fundi akasogea mbele kidogo. Akainamisha kichwa upande. Halafu akaegemea nyuma. Kesho yake asubuhi akasema samaki mwenye ndevu ni mzee mwenzake, na adhuhuri akala mkia.

Yalipokuja mafuriko makubwa baraza letu lilikwenda na maji, na Fundi akahamia Kipini. Sikumwona tena miaka mingi. Nilizaa, nikakuza, babu yenu akapanuka pande zote. Siku moja nikaalikwa arusi Kipini, na mzee wangu akafungua sanduku, akatoa ile nguo ya picha. "Mpelekee Fundi hii anipanulie kiuno," akasema. "Nataka kuivaa kwenye arusi ya mwanetu." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Nilimkuta Fundi amekaa nje ya nyumba ya binti yake, mkononi tasbihi, macho yameingia ukungu. Cherehani ilikuwa pale pale kando yake, imefunikwa. Kwapa la kanzu limechanika, lakini hiyo ilikuwa kanzu nyingine.

"Nasikia harufu ya kambale," akasema.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mkia?"

"Nimekuja na nguo."

Mikono yake ikarudi haraka magotini, tasbihi ikaanguka. "Ikunjue wewe," akasema. "Mimi siishiki."

Nikaikunjua. Buluu ilikuwa imekwisha, joho limebaki vijiti, lakini mishono ya kifuani ilikuwa imekaza kama siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, hilo alilijua.

"Geuza nyuma," akasema. "Mafundo yale bado yapo?"

Nikageuza.

"Mwanangu, mimi macho yameharibika sasa. Siku ile yalikuwa mazima. Fundo la wavu, kubwa kama mtumbwi, Garsen yote imeliona. Na Garsen yote ilijua nani anashona wavu pale kwenu."

"Mbona hukusema?"

"Ungeninyima mkia." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, akangoja. "Lete."

"Fundi, ni ya kupanua kiuno tu. Hilo si kosa la mshono. Kunenepa ni kosa langu mimi."

"Najua nilipima vibaya. Lete."

Nikaiweka viganjani. Akapapasa fundo moja moja kwa kidole gumba, taratibu, midomo inacheza kama ina pini. Alipomaliza akamwita binti yake. "Nguo imerudi," akamwambia. "Ondoeni cherehani."

"Iende wapi, baba?"

"Mpeni huyu. Mtu anayeshona hivi asiachiwe sindano ya mkono."

Nilirudi Garsen nimeipakata kama mtoto mchanga. Kiuno cha babu yenu nilikipanua mwenyewe, nikakipigia mshono mara mbili, uzi mweusi. Aliivaa kwenye arusi ya baba yenu, na akachuchumaa kwa makusudi mbele ya watu wote. Haikufumuka. Na nilikuwa nimeshamwambia tangu asubuhi, ikifumuka asinirudishie.